Mfinyanzi Hulia Gaeni

Kukhu wangu, mama yake mama, alinilipia karo ya chuo kwa vyungu. Hili si fumbo. Kwa mihula mitatu, sehemu kubwa ya pesa iliyoingia kwenye simu yangu ilitoka Ilesi, nje kidogo ya mji wa Kakamega, ambapo vyungu hupangwa kando ya lami kwa safu, vya maua mbele, vya kupikia katikati, mitungi ya maji nyuma. Magari yanapita. Moja likipunguza mwendo, kukhu anainuka kwenye kigoda chake na kupangusa mikono. Mara nyingi ni dereva tu anayepokea simu.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu zangu hazina ushujaa. Nilifeli, nikaona aibu, nikarudi nyumbani Kaptembwo kupumzika wiki moja na ile wiki ikawa mwaka. Nilipompigia kukhu kumwambia, alinyamaza, kisha akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema basi ni sawa, akakata kwa sababu mteja amefika. Sijui kama kweli kulikuwa na mteja.

Naandika haya kwa sababu mwaka jana mtu nisiyemjua alinidai deni lingine kabisa, na nimekuwa nikilipigia hesabu tangu siku hiyo.

Tulikuwa Hyrax Hill. Kama unaishi Nakuru unapajua, na pengine hujawahi kuingia, kama mimi kabla ya hiyo siku. Ni kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji, kando ya barabara ya Nairobi. Mary Leakey alipachimba mwaka wa 1937 na 1938, akakuta makaburi, mashimo ya maboma ya watu wa zamani, na vipande vingi vya vyungu. Mwambani kuna mashimo ya bao yaliyochongwa na watu ambao hatutawahi kujua majina yao wala nani alikuwa akimshinda nani. Makumbusho yenyewe ni nyumba ndogo. Ndani, nyuma ya kioo, kuna vigae.

Mzee mmoja aliyekuja na familia yake alisimama karibu nasi, akatazama vile vigae, akatikisa kichwa. "Ona," akaniambia, "huu ndio urithi wetu. Lakini nyinyi vijana wa siku hizi mmeuacha ufe." Mkononi alikuwa na chupa ya maji ya plastiki.

Sikumjibu. Ni rika la baba yangu, na kwetu mtu hamjibu mzee mbele ya wajukuu wake. Lakini ukweli ni kwamba alinichoma. Hakujua kwamba anaongea na mjukuu wa mfinyanzi ambaye hajui kufinyanga hata kikombe.

Swali langu ndilo hili: ufundi ukifa, nani anadaiwa? Ni yule aliyezaliwa nyumbani kwa fundi akakataa kujifunza, ama ni sisi wote?

Nianze na vile vigae. Eneo hili letu ni kubwa kuliko tunavyolichukulia. Kuna aina ya ufinyanzi wa kale ambayo wanaakiolojia duniani kote wanaiita Nderit, kutokana na mto Nderit unaoingia Ziwa Nakuru kutoka kusini. Vyungu hivyo vilitengenezwa na wafugaji wa mwanzo wa Bonde la Ufa, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Nje vimepigwa alama ndogo ndogo mwili mzima, zikikaribiana hadi chungu kinafanana na kikapu, na vingi vimekwaruzwa mistari hata upande wa ndani. Fikiria hilo. Upande wa ndani, ambako uji ungefunika kila kitu. Mtu alikaa chini na kupamba mahali ambapo angekuona ni yeye tu na atakayeosha.

Huyo mtu hayupo. Jina lake halipo, lugha yake hatuijui kwa hakika. Kilichobaki ni kigae. Na Waswahili walishasema, mfinyanzi hulia gaeni. Tulifundishwa shuleni kwamba maana yake ni fundi kukosa kile anachowatengenezea wengine, kama fundi viatu anayetembea peku. Mimi nimekula kwa mfinyanzi. Kwa kukhu chungu kizuri hakiingii jikoni, kinaenda barabarani. Jikoni kinabaki kilichopasuka ukingo, na maharagwe hayajali. Hakuna mafumbo hapo. Kile kizuri ni karo ya mtu.

Baada ya yule mzee, nilikwenda Ilesi nikakaa wiki mbili. Nilimwambia kukhu nataka kujifunza. Alicheka hadi akashika kiuno.

Nitakueleza kazi yenyewe, kwa sababu watu wengi wanaoililia hawajawahi kuiona. Udongo unachimbwa bondeni, unabebwa kichwani ukiwa bado na maji, na udongo wenye maji ni mzito kuliko unavyodhani. Unautoa mizizi na vijiwe kimoja kimoja. Unauchanganya na mchanga, ama na vigae vya zamani vilivyosagwa, kwa sababu udongo mtupu ukikauka unajikunja na kupasuka. Hapo ndipo niliona kwamba chungu kilichovunjika hakitupwi. Kinapondwa na kuingia ndani ya kingine, kukipa nguvu. Halafu unaukanda kwa miguu na mikono hadi mgongo ulie. Unasokota kamba za udongo, unazizungusha moja juu ya nyingine, unazibana kwa kidole, unalainisha. Hakuna gurudumu. Anayezunguka ni wewe, umeinama, ukikizunguka chungu.

Kisha kinakaa kivulini siku nyingi. Kabla hakijakauka kabisa kinasuguliwa kwa kijiwe laini cha mtoni hadi king'ae. Kukhu ana kijiwe kimoja alichopewa na mama mkwe wake, na upande mmoja kimeliwa na miaka hadi kidole gumba kinakaa ndani yake. Mwisho vyungu vinapangwa nje, vinafunikwa kwa kuni na nyasi, vinachomwa. Hapo huna tena la kufanya. Kama kuna maji yaliyobaki ndani ya udongo yanageuka mvuke, na mvuke ukikosa njia unaitafuta kwa nguvu. Chungu changu cha kwanza kililia kama risasi. Kilivunja na cha kukhu kilichokuwa pembeni.

Hicho cha kukhu kilikuwa cha kuuzwa shilingi 400. Alivitazama vipande, akasema, "Haya, tumepata mchanga."

Jioni nilimuuliza nililokwenda kuuliza. Nilimwambia kuna watu wanasema sisi wajukuu tumeacha urithi ufe. Nilitarajia akubaliane nao. Wasee, nilitaka akubaliane nao, kwa sababu kukemewa na kukhu ni rahisi kuliko kukemewa na dhamiri. Aliniambia hivi, nami nalitafsiri kutoka Kiisukha: "Mimi nilifinyanga ili nyinyi msifinyange. Mama yako nilimpeleka shule kwa hii kazi. Sasa hao watu wanataka nini, kwamba nilifanya bure?"

Nilikaa na hilo jibu usiku kucha. Sisi tunaoongea juu ya urithi huwa tunadhani mababu wanasimama upande wetu. Tunadhani wakiamka watatuuliza, mbona mmeacha vyungu? Huenda wangetuuliza, mbona bado mnalala na mbu? Kwa mwanamke aliyebeba udongo kichwani miaka 50, chungu kilikuwa daraja. Watoto wavuke. Kumlazimisha mjukuu wake arudi alikotoka, ili mimi na wewe tujisikie tuna utamaduni, ni kumtukana kwa jina la kumheshimu.

Basi nikajiona nimeshinda kesi. Hakuna anayedaiwa. Fundi aliyechoka apumzike, ufundi ukifa uende kwa amani.

Lakini hesabu haikukaa vizuri, na kilichoniharibia ni Korea.

Mimi, kama nusu ya watu wa rika langu hapa mjini, nimetazama sana drama za Kikorea, na simu yangu ikishajua hivyo inaniletea kila kitu cha huko. Zikaja video za wafinyanzi. Wakorea wana vyungu vikubwa vya kahawia vinavyoitwa onggi, vya kuchachushia kimchi na mchuzi wa soya. Vina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, hewa inapita, ndiyo maana wanasema onggi hupumua. Ni jambo lile lile linalofanya maji ya mtungini yawe baridi bila stima: maji yanapenya udongo kidogo kidogo, yanakauka nje, yanaondoka na joto.

Nilidhani wao wameheshimu kazi hii tangu zamani. La. Wakati wa ufalme wa Joseon wafinyanzi walikuwa watu wa chini. Katika karne ya 19 Wakatoliki waliokuwa wakisakwa na serikali walijificha milimani wakafinyanga onggi ili waishi, kwa sababu ilikuwa kazi ambayo hakuna aliyeitazama mara mbili. Kisha yakaja yaliyotufika na sisi: plastiki, friji, na nyumba za ghorofa zisizo na uwanja wa kupanga vyungu. Ukikaa bedsita huwezi kuweka nyungu ya lita 40, uwe Seoul ama Kaptembwo.

Tofauti ni kilichofuata. Mwaka wa 1962 Korea Kusini ilipitisha sheria inayolinda hata ufundi ulio mikononi mwa watu. Mabingwa waliochaguliwa, ambao watu huwaita hazina hai za taifa, hupewa posho na serikali kila mwezi, nao wanatakiwa kufundisha. Ufundi wa onggi uliingizwa mwaka wa 1990. Mji wa Icheon, wenye wafinyanzi wengi, umo katika mtandao wa miji ya ubunifu wa UNESCO tangu 2010. Haikuokoa kila tanuri, na bingwa mmoja kulipwa hakumfaidi jirani yake aliyefunga. Lakini angalia ile hesabu. Nchi haikumwendea mtoto wa mfinyanzi ikamwambia, wewe ndiye unayetuangusha. Ilisema, kama tunalitaka jambo hili, tulilipie.

Mtu anaweza kusema, muhimu ni ufundi uendelee kuwepo, haijalishi kwa njia gani. Historia ya Korea hiyo hiyo ina jibu. Japani ilipoivamia Korea kati ya 1592 na 1598, majeshi yake yaliondoka na wafinyanzi kama mateka. Huko Arita, kisiwa cha Kyushu, mateka hao walichangia kuanzisha kaure iliyokuja kujulikana hadi Ulaya. Ufundi haukufa, ulistawi. Lakini watu walikuwa wametekwa. Kwa hiyo kuendelea kwa ufundi peke yake si kipimo. Lazima tuulize pia mfinyanzi yuko katika hali gani, na kama mlango uko wazi akitaka kutoka.

Hapa kwetu sheria hatukosi. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inautambua utamaduni kama msingi wa taifa. Mwaka wa 2016 tulipata sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Nazisoma na kufurahi, kisha nakumbuka kwamba kukhu hajawahi kulipwa na kifungu chochote.

Na kuna jambo la ardhi. Udongo hauanguki kutoka mbinguni, uko katika shamba la mtu, bonde la mtu, msitu wa mtu. Hapa kwetu Bonde la Ufa, Waogiek wa Mau walikuwa na vyungu vyao pamoja na asali yao na mizinga yao. Wamefurushwa msituni mara kwa mara, hadi wakaenda Mahakama ya Afrika kule Arusha. Mei 2017 mahakama iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, ikiwemo haki ya utamaduni. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000, na ardhi yao itambuliwe. Sasa niambie, mtu aliyefukuzwa alikochimba udongo, utamwambia ameacha urithi ufe? Ufundi mwingine haukuachwa. Uliporwa chini ya miguu ya wenyewe.

Kwa hiyo narudi kwa yule mzee wa Hyrax Hill na namjibu leo, kwa heshima. Mzee wangu, uchungu wako ni wa kweli, nami ninao. Chungu kikishachomwa hakiwezi kurudi kuwa matope hata ukikiloweka miaka elfu, ndiyo maana vile vigae vipo. Lakini ujuzi wa kukitengeneza ni kinyume chake: ukikaa kizazi kimoja bila mikono unarudi matope. Nimeueleza hapa kwa aya mbili, na wewe ukizisoma mara kumi bado chungu chako kitapasuka. Kwa hiyo ndiyo, kuna deni. Wale ambao hawajazaliwa watatuuliza. Ila deni hilo halina jina la mtu mmoja juu yake. Ni kama harambee. Mwenye mikono anatoa mikono, mwenye pesa anatoa pesa, mwenye kura anauliza maswali. Asiyetoa chochote hana ruhusa ya kusoma majina ya ambao hawajatoa.

Mara ya mwisho ulinunua chungu lini? Si cha maua.

Na wala hatufai kudhani ufundi unarithiwa kwa damu tu. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950. Alikwenda Uingereza 1971 kusomea sanaa, na hatimaye akafika Abuja, Nigeria, akajifunza kwa wanawake wa huko, akiwemo Ladi Kwali. Anajenga kwa mkono, hatumii gurudumu, anasugua udongo hadi ung'ae, na moto wake unatoa rangi ya machungwa au nyeusi. Ukiangalia hatua zake utadhani uko Ilesi. Vyungu vyake vinauzwa kwa mamilioni ya shilingi, na mwaka wa 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Sisemi kila mfinyanzi awe Odundo. Ninachosema ni kwamba mikono yetu haikuwa na shida. Shida ni bei tunayoiwekea, na nani tunayemruhusu kuonekana bingwa. Kijana wa Nakuru ambaye hana nyanya mfinyanzi anaweza kuwa ndiye atakayeupokea huu ufundi, kama kuna mahali pa kujifunza na mtu wa kununua.

Inabaki sehemu yangu. Najua ungetarajia niseme kwamba kuandika ndiyo ufinyanzi wangu. Hapana. Kuandika hakuvunji mgongo, na nikikosea hakuna kinacholipuka. Karo ile ilinunua mihula mitatu ambayo sikuitumia vizuri, na siwezi kuigeuza kuwa hekima kwa maneno matamu. Lile ni deni la mimi na kukhu, na ufundi haumo ndani yake.

Siku ya kuondoka nilichagua chungu cha kupikia, kimoja cha mstari wa katikati, kisicho na ufa. Kukhu akasema nichukue tu, mimi ni mjukuu. Nikakataa. Tukavutana kidogo, majirani wakicheka. Kisha nikamuuliza bei kama ningekuwa mtu wa gari.

Alinitazama muda, akakaa vizuri kwenye kigoda chake. "Mia tano," akasema.

Nikamwambia jana kilikuwa mia nne.

"Jana hukuwa mteja."

Nikalipa mia tano. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye kona ya leso, na kunieleza namna ya kukizoesha moto: nipike uji mwepesi kwanza, moto mdogo, nisikiwekee maji baridi kikiwa cha moto. Nilikipakata kwenye matatu kutoka Kakamega hadi Nakuru, na kondakta akataka kunilipisha kiti chake.

Jikoni kwangu kipo sasa, juu ya jiko la makaa, kimezungukwa na masufuria. Ni chungu kizuri, hakina kasoro. Nadhani ndicho cha kwanza cha aina hiyo kutumika katika familia yetu.